Kitengo kipya ndani ya kampuni kongwe: kijitenge au kibaki?

Swali la msomaji: Ninaongoza kitengo chenye watu sita ndani ya kampuni ambayo kwa zaidi ya miaka ishirini imekuwa ikisambaza mbegu, mbolea na viuatilifu katika mikoa ya Nyanda za Juu Kusini. Mwaka jana bodi ilituidhinisha kujenga huduma ya kuagiza na kulipia pembejeo kwa simu, na baadaye kuwakopesha wakulima wanaoaminika. Mkurugenzi mtendaji anatuunga mkono. Hata hivyo, meneja mauzo anaona tunamnyang'anya wateja, mhasibu mkuu anadai kila tunachonunua kiwe na nukuu tatu za bei, mkuu wa TEHAMA anataka tuwe chini yake, na kila robo mwaka bodi inauliza faida iko wapi. Je, tuombe kujitenga tuwe kampuni tanzu, au tubaki tulipo?

Jibu: Ushauri wangu ni kwamba mbaki, walau kwa misimu miwili ijayo ya kilimo, ila msibaki kwa masharti mliyo nayo sasa. Umelieleza jambo hili kama njia panda yenye njia mbili tu, ilhali kitengo cha aina yenu kimefungwa kwa kampuni mama kwa kamba nyingi, na kamba hizo hazifanyi kazi moja: zipo zinazokibeba na zipo zinazokikaba. Anayeunda kampuni tanzu mapema huzikata zote kwa mpigo, na anayebaki kimyakimya huziacha zote zilivyo. Kazi inayokukabili ni kuzipitia moja baada ya nyingine pamoja na mkurugenzi mtendaji, na kukubaliana naye kwa maandishi ipi ikatwe na ipi ikazwe.

Mfano ulio karibu nasi kuliko yote ni M-Pesa, na nitaueleza kwa kirefu kidogo kwa sababu wengi wanakumbuka mafanikio yake na kusahau jinsi ilivyolelewa. Wazo lilianzia Vodafone, Uingereza, kwa mtumishi wake Nick Hughes, aliyejua kwamba mradi wa kuwahudumia watu wa kipato cha chini Afrika Mashariki usingefua dafu mbele ya miradi mingine iliyokuwa ikigombea mtaji wa kampuni hiyo. Aliomba ruzuku kutoka mfuko wa Idara ya Maendeleo ya Kimataifa ya serikali ya Uingereza, akapata karibu pauni milioni moja, na Vodafone ikachangia kiasi kinachokaribiana na hicho. Kwa kampuni yenye ukubwa ule, fedha hizo zilikuwa kidogo sana. Manufaa yake ni kwamba ziliutoa mradi kwenye foleni ambayo pengine usingefika dirishani. Kamba ya kwanza iliyokatwa, basi, ilikuwa ile ya kugombea bajeti moja na shughuli ambazo tayari zilikuwa zinaleta faida.

Sasa tazama kamba ambazo hazikuguswa. Huduma ilipelekwa Safaricom, kampuni ambayo laini zake zilikuwa tayari mikononi mwa mamilioni ya Wakenya na ambayo wauzaji wake wa vocha walikuwa wamekwisha kuenea nchini. Menyu ya M-Pesa iliwekwa ndani ya laini yenyewe ya simu, na duka lililozoea kuuza vocha likageuka kuwa mahali pa kuweka na kutoa fedha. Huduma ilipozinduliwa Machi 2007, maduka ya namna hiyo yalikuwa yapata 750. Vijana watatu wenye programu nzuri kuliko ile wasingeweza kujenga mtandao huo kwa mtaji wowote ambao mwekezaji wa wakati ule angethubutu kuwapa.

Kisa cha Xerox kinaonyesha jambo hilohilo kutoka upande wa pili. Mwaka 1970 kampuni hiyo ya mashine za kunakili ilifungua kituo cha utafiti huko Palo Alto, California, mbali na makao yake ya mashariki mwa Marekani. Mhandisi wake Gary Starkweather, aliyekuwa katika maabara ya kampuni karibu na Rochester, alikuwa na wazo la kuchapa kwa mwanga wa leza, na wakubwa wake wa pale hawakulitaka. Mwaka 1971 akahamia Palo Alto, na huko ndiko alikoikamilisha mashine yake. Kituo hichohicho kilitengeneza mwaka 1973 kompyuta iliyoitwa Alto, yenye kipanya na madirisha kwenye skrini, miaka mingi kabla watu wa kawaida hawajaviona vitu hivyo. Printa ya leza iliingia sokoni mwaka 1977 na kuiletea Xerox mabilioni ya dola, kwa kuwa ilifaa kuuzwa na watu walewale waliozoea kuuza mashine za kunakili, katika ofisi zilezile walizokuwa wakizitembelea. Alto haikuwa na mlango wa namna hiyo ndani ya kampuni, na walioneemeka kwa mawazo yake walikuwa wengine. Zote mbili zilihitaji umbali ili zizaliwe, lakini iliyolipa ni ile iliyopata njia ya kurudi kwenye mauzo ya kampuni.

Kwenu, kamba zinazobeba ni maghala, malori, jina ambalo mkulima analitambua, mali mnayoletewa na waagizaji wa mbolea kabla ya kulipa, na wauza pembejeo wa vijijini wanaochukua mzigo wenu kila msimu. Mtu aliyeko Dar es Salaam anaweza kutengeneza programu ya kuagiza mbolea katika miezi michache. Hawezi katika muda huo kupata ghala Makambako lenye mifuko ya kutosha wiki ambayo mvua inaanza. Mkijitenga leo, kila mfuko utakaopita kwenye maghala hayo utahitaji mkataba baina ya kampuni mbili, na atakayeketi upande wa pili wa meza kupanga bei ni huyohuyo meneja mauzo anayewaona kuwa wavamizi.

Kwa hiyo nianze naye, kwani katika watu wanne uliowataja yeye ndiye mwenye sababu nzito zaidi. Sidhani kama anachukia teknolojia. Anapimwa kwa mauzo ya mikoa yake, watu wake wanalipwa kamisheni kwa kila tani, na huduma yenu inamwondolea tani hizo kwenye hesabu. Miaka kadhaa iliyopita nilishiriki kuishauri kampuni moja ya usambazaji wa bidhaa za dukani iliyojenga mfumo wa kuagiza kwa simu. Mfumo ulifanya kazi vizuri, bei zilikuwa sahihi, na mzigo ulifika kwa wakati. Kosa letu, na nasema letu kwa sababu nilikuwepo mezani, lilikuwa kutofikiria kamisheni ya maafisa mauzo. Katika wiki ya sita tuligundua kwamba wenye maduka walikuwa wakiambiwa mfumo una hitilafu na kwamba ni heri waendelee kuagiza kwa afisa wao kama zamani. Hapakuwa na hitilafu yoyote. Maafisa walikuwa wakilinda mkate wa watoto wao, na sikuweza kuwalaumu.

Suluhisho ni la kihasibu zaidi kuliko la kiteknolojia. Kila oda inayopitia simu ihesabiwe mara mbili kwa muda maalumu: ihesabiwe kwenye takwimu zenu ili muweze kujipima, na ihesabiwe pia kwenye lengo la mauzo la mkoa ilikotoka, pamoja na kamisheni yake kamili. Mhasibu mkuu atasema kwamba huko ni kulipa kamisheni kwa kazi ambayo afisa hakuifanya. Atakuwa sahihi, nawe umkubalie, kisha umweleze kwamba hiyo ni gharama ya kuingia sokoni ambayo mngeilipa kwa namna nyingine kwenye matangazo. Ukomo wake uandikwe, tuseme misimu miwili, na baada ya hapo kamisheni ipungue kwa kiwango kinachojulikana tangu mwanzo. Wauza pembejeo nao wafikiriwe vivyo hivyo, yaani mkulima aliyeagiza kwa simu achukue mzigo dukani kwa wakala, na wakala apate chake. M-Pesa haikumtoza mteja aliyeweka fedha, lakini wakala aliyezipokea alilipwa na kampuni, kwa sababu asingelipwa angemwambia mteja kwamba hana salio kwenye simu. Mkono mtupu haulambwi, na wakala wa kijijini analijua hilo kuliko sisi tunaoandika mipango.

Kuhusu nukuu tatu za bei, nakushauri usiombe kusamehewa taratibu. Ombi hilo humfanya mhasibu yeyote mwangalifu ashtuke, na akishashtuka atakuwa mlinzi wa mlango wenu kwa miaka. Omba kiwango: manunuzi yasiyozidi kiasi fulani kwa mwezi uyaidhinishe mwenyewe, na mkaguzi wa ndani ayakague baadaye, kila mwezi, bila kuruka. Unabadilisha wakati wa ukaguzi, ukaguzi wenyewe unabaki. Kwa kawaida vitu vinavyowachelewesha watu kama ninyi ni vidogo, kama vile kulipia seva, kununua simu kumi za majaribio au kumlipa mtaalamu kwa siku tano, na vyote hivyo hutosha ndani ya kiwango cha kiasi.

Kuna eneo moja, hata hivyo, ambalo msiombe uhuru hata kidogo, nalo ni fedha za wateja. Fedha za wateja wa M-Pesa ziliwekwa kwenye akaunti ya amana benki, mbali na fedha za Safaricom yenyewe, na kabla ya uzinduzi Benki Kuu ya Kenya ilikuwa imetoa barua ya kutokuwa na pingamizi. Mwishoni mwa mwaka 2008, huduma ikiwa tayari na mamilioni ya watumiaji, Waziri wa Fedha aliagiza ikaguliwe, na ukaguzi ukaonyesha kwamba iko salama. Utaratibu uliokuwa unaonekana mzito mwaka 2006 ndio uliowaokoa siku hiyo. Kwa upande wenu, mkulima akilipa Septemba kwa mbolea atakayoichukua Novemba, mnakuwa mmeshika fedha zake kwa miezi miwili. Mwanasheria wenu aisome Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015 kabla hamjatangaza jambo hilo, na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 kabla hamjamkopesha mtu hata mfuko mmoja. Orodha za wakulima na namba zao za simu nazo zinaguswa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Nendeni Benki Kuu ya Tanzania mapema, mkiwa na maswali, badala ya kusubiri kwenda mkiwa na maelezo ya kujitetea.

Mkuu wa TEHAMA hatanichukulia muda mrefu. Msiwe chini yake. Idara yake inapimwa kwa mifumo isiyozimika na isiyoingiliwa na wezi, na mtu anayepimwa hivyo ana haki ya kukataa mabadiliko ya kila wiki, ambayo ndiyo chakula chenu. Mpeni kauli ya mwisho katika jambo moja tu, yaani jinsi mfumo wenu unavyosoma na kuandika kwenye daftari la bidhaa la kampuni, maana mkiliharibu hilo mtakuwa mmeharibu biashara nzima. Mengine yote yapelekwe kwa mkurugenzi mtendaji, na asikabidhi jukumu hilo kwa msaidizi.

Sasa nije kwenye swali la bodi, ambalo naona ndilo hatari kubwa kuliko mivutano yote hiyo. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na bodi nyingi huufanyia mradi mpya hivyohivyo: robo mbili za uvumilivu, ya tatu jembe. Nyanda za Juu Kusini zina msimu mmoja wa mvua, takriban kuanzia Novemba. Mbolea ya kupandia hununuliwa mvua inapoanza, ya kukuzia hufuata wiki kadhaa baadaye, na baada ya hapo duka la pembejeo hukaa miezi likiuza kidogo sana. Taarifa yenu ya Julai hadi Septemba itaonyesha gharama tupu hata kama kila kitu kinakwenda sawa, na mkiwa na mwenye shaka mmoja kwenye bodi, taarifa hiyo ndiyo atakayoitumia. Ombeni rasmi mpimwe kwa msimu. Ni ombi ambalo mjumbe yeyote aliyewahi kulima atalielewa.

Kupimwa kwa msimu hakutoshi kama kinachopimwa ni faida peke yake. Hapa narudi kwenye majaribio ya M-Pesa, yaliyoanza Oktoba 2005 Nairobi na Thika, yakiwa na maduka manane na wateja wasiofika 500. Lengo lilikuwa wateja wa taasisi ya mikopo midogo walipe marejesho yao kwa simu. Taasisi ilipata shida kuoanisha hesabu za mfumo mpya na za kwake. Wakati huohuo wateja walianza kufanya mambo ambayo hayakuwa kwenye mpango: kutumiana fedha wao kwa wao, kuwanunulia ndugu muda wa maongezi, kuweka fedha kwenye simu kabla ya safari ili wasiibiwe njiani. Mkaguzi aliyeshika lengo la awali mkononi angeandika kwamba mradi umeshindwa. Waliousimamia, akiwemo Susie Lonie aliyetumwa Kenya na Vodafone kuuendesha, waliandika kile walichokiona, na huduma iliyozinduliwa mwaka 2007 iliachana na marejesho ya mikopo ikajinadi kwa jambo moja, kutuma pesa nyumbani. Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa wateja 350,000. Kabla ya mwaka huo kwisha walikuwa wamepita milioni moja.

Kwa hiyo, badala ya kuiahidi bodi faida, iahidi majibu ya maswali machache, na uombe fedha za hatua inayofuata zitegemee majibu hayo. Msimu wa kwanza: je, mkulima aliyeagiza mbolea ya kupandia kwa simu alirudi mwenyewe kuagiza ya kukuzia, bila kupigiwa? Swali hilo moja lina thamani kuliko idadi yote ya waliojisajili, kwa sababu kujisajili hufanywa kwa kumridhisha afisa aliyesimama mbele ya mtu, na kurudi hakufanywi kwa kumridhisha yeyote. Je, mzigo ulikuwepo dukani siku mliyoahidi? Oda moja iligharimu kiasi gani kuihudumia, ikilinganishwa na ile iliyochukuliwa na afisa mauzo? Msimu wa pili ndio muulize kuhusu mikopo, na muanze na wale tu ambao mna kumbukumbu zao za msimu wa kwanza. Ninajua kwamba mikopo ndiyo inayowavutia wajumbe wa bodi, maana riba huonekana tamu kwenye karatasi. Nakuomba uwazuie. Kukopesha kabla ya kumjua mteja ni kugawa mbolea bure.

Msieneze huduma mikoa yote kwa pamoja. Chagueni wilaya moja au mbili zenye ghala karibu na meneja wa mkoa aliye tayari. M-Pesa yenyewe, ikiwa na jina na mfumo ulioiva, ilipelekwa Afrika Kusini mwaka 2010 na Vodacom kwa kushirikiana na Nedbank, na mwaka 2016 ikafungwa. Nchi ile ilikuwa na watu wengi wenye akaunti za benki na njia nyingine za kutumiana fedha. Kilichofaa Mbozi huenda kisifae Tunduru, ambako mkulima wa korosho ana kalenda na mahitaji mengine kabisa.

Kuhusu watu sita ulio nao nina neno moja. Kama wote ni wataalamu wa kompyuta, badilisha mmoja au wawili kwa watu wa kampuni wa siku nyingi, hasa mtu wa ghala anayejua kwa nini lori linalotarajiwa Jumanne hufika Alhamisi. Waliohama kutoka idara zao wapewe barua inayosema kwamba mradi ukifungwa watarudi kwenye vyeo vyao. Bila barua hiyo watakaokubali kuja ni wale ambao idara zao zilitaka kuwaondoa.

Na kampuni tanzu? Siku yake inaweza kufika, na ningetazama dalili mbili. Ya kwanza ni mikopo: mkishaamua kukopesha kwa kiwango kikubwa, leseni na hatari zake hukaa vizuri zaidi kwenye kampuni inayojitegemea, ili deni bovu la msimu mmoja wa ukame lisiifikie biashara ya mbolea. Ya pili ni pale wasambazaji wengine watakapotaka kuuza kupitia huduma yenu. Hawatakubali orodha za wateja wao zikae mikononi mwa mshindani. Hadi hapo msiwe na haraka. M-Pesa ya Kenya ilikaa ndani ya Safaricom kwa miaka 13 kabla Safaricom na Vodacom hawajainunua chapa na mfumo wake kutoka Vodafone mwaka 2020 na kuunda kampuni ya pamoja ya kuviendeleza barani.

Andika makubaliano haya yote kwenye karatasi moja, mbili zikizidi: anayewasimamia, kiwango cha manunuzi, kamisheni na ukomo wake, maswali ya kila msimu, na masharti ambayo yakitimia mradi utafungwa bila mabishano. Kifungu hicho cha kufungwa kiandike wewe mwenyewe, wala usisubiri mhasibu mkuu akiandike, kwa kuwa chake kitakuwa kikali zaidi. Kisha, kabla mkurugenzi mtendaji hajaiona rasimu, ipeleke kwa meneja mauzo, ukae naye, umwachie kalamu kwenye kifungu cha kamisheni. Muda uliobaki kabla ya Novemba si mwingi, na wauza pembejeo huanza kupanga oda zao mapema kuliko tunavyodhani.